Ndege Huyu ni Nani? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Ndege Wanaopita Juu ya Vinamasi vya Bukavu

Bukavu imekaa pale ambapo Ziwa Kivu linatoa maji yake na kuyakabidhi mto Ruzizi. Anayeishi Nguba, Muhumba au Bagira anapitiwa na ndege wa maji kila siku, na anayelima mabonde ya Kabare na Walungu anawaona wakishuka kwenye matete asubuhi kabla ya jua kukaza. Maswali yaliyo hapa ni yale ninayoulizwa zaidi na wanafunzi, wavuvi, akina mama wa mashambani, na watu waliopita tu njiani wakainua kichwa. Tukubaliane jambo moja kabla ya kuanza. Watu wengi hapa kwetu wanaita korongo ndege yeyote mwenye miguu mirefu. Katika majibu haya, korongo ni wale wa jamii ya korongo mweupe na marabu; korongo taji na korongo-nyangumi wana jina hilo tu, ni wa jamii nyingine. Wale wanaosimama kimya majini wakingoja samaki nitawaita kulastara.

Ndege amepita juu yangu kwa sekunde chache tu. Niangalie nini kwanza?

Shingo. Kisha miguu, kisha namna anavyopiga mabawa, kisha mkia. Rangi iache mwisho.

Najua watu wengi wanaanza na rangi, na ndiyo maana wengi wanapotea. Juu ya ziwa mwanga unatoka mbinguni na unarudi tena kutoka majini. Ndege mweupe akipita chini ya wingu jeupe anaonekana wa kijivu au mweusi kabisa, na ndege mweusi jua likimpiga mgongoni anang'aa kama aliyepakwa mafuta. Umbo halidanganyi hivyo. Shingo iliyonyooka imenyooka, asubuhi na jioni, kwenye mvua na kwenye jua.

Ukubwa pia unadanganya, kwa sababu angani hakuna mti wala nyumba ya kumpima naye. Mpime kwa ndege unaowajua tayari: kunguru wa mjini mwenye kifua cheupe, mwewe anayezunguka juu ya soko la Kadutu, yangeyange anayefuata ng'ombe. Uliza tu: huyu ni mkubwa kuliko mwewe, au ni mdogo? Jibu hilo peke yake linafuta nusu ya majina.

Halafu, tafadhali, sema ulichokiona kwa sauti, au jirekodi kwenye simu, kabla ya kufungua kitabu au programu yoyote. Mtu akishaona picha nzuri ya ndege fulani, kumbukumbu yake inaanza kufuata picha. Mdomo uliokuwa "mrefu kiasi" unageuka kuwa "mwekundu, mrefu sana". Nimewasikiliza watu wengi waaminifu wakibadilisha maelezo yao namna hii bila kujua. Maneno uliyoyasema ndege akiwa bado angani yana thamani kuliko yote yatakayofuata.

Kwa nini shingo ina uzito mkubwa hivyo?

Kwa sababu inawagawa ndege wakubwa wa maji katika makundi mawili mara moja. Kulastara wote, kuanzia yangeyange mdogo hadi kulastara goliati anayefikia kimo cha mita 1.5, wanaruka shingo ikiwa imekunjwa, kichwa kimerudi karibu na mabega, na mbele kunabaki uvimbe kama kifua cha njiwa. Ni mifupa yao iliyotengenezwa hivyo: pingili ya sita ya shingo ni ndefu kuliko zingine, na hapo ndipo shingo inapokunjika kwa umbo la herufi S. Mkunjo huohuo ndio unaorusha mdomo kama mkuki wakati wa kuvua.

Korongo, kwarara na korongo taji wanaruka na shingo iliyonyooka mbele, miguu imenyooka nyuma. Ukiona msalaba mrefu angani, jina la kulastara liondoe.

Kuna wanaovunja kanuni, na ni lazima uwajue. Marabu ni korongo, lakini anakunja shingo akiruka. Utamtambua kwa ukubwa wake wa kutisha, mabawa meusi mapana, tumbo jeupe na mdomo mnene kama shoka. Mwari naye anarudisha kichwa nyuma, ila miguu yake mifupi haionekani kabisa nyuma ya mkia, na mdomo wake haufanani na wa mwingine. Na kulastara anayeinuka kutoka majini, hasa akishtuliwa na mtumbwi, anabaki na shingo ndefu kwa mapigo machache ya mabawa kabla hajaikunja. Basi usihukumu anapoondoka. Ngoja awe hewani kweli.

Nimeona ndege wakubwa weupe wenye mabawa yenye weusi, wakizunguka juu ya Ruzizi. Ni nani?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko mengine yote, na jibu haliwezi kuwa moja. Ndege wanne au watano wa ukanda wetu wanalingana na maelezo hayo.

Anza na miguu. Kama huioni, na kundi linageuka pamoja angani, mara wote weupe, mara wote weusi, hao ni mwari weupe. Mabawa yao yanaweza kuzidi mita 2.5 kutoka ncha hadi ncha, na manyoya yote ya kurukia ni meusi yakionekana kutoka chini. Yuko mwari mwingine mdogo zaidi, mwenye mgongo wa rangi ya waridi hafifu, ambaye manyoya yake ya kurukia ni ya kijivu. Yeye hatoi ule mpaka mkali kati ya nyeupe na nyeusi.

Kama miguu inatokeza nyuma na shingo imenyooka, angalia mkia. Hapa ndipo watu wengi wanashindwa kwa sababu hawakuambiwa mapema. Korongo mweupe, yule anayezaa Ulaya, ana mkia mweupe, na mdomo na miguu yake ni myekundu. Korongo mdomo-njano, ambaye ni wa Afrika, ana mkia mweusi. Huhitaji kuona mdomo. Mkia mweusi kwenye ndege mweupe wa aina hiyo unatosha kumaliza mjadala, hata akiwa juu sana. Akishuka karibu utaona pia uso mwekundu usio na manyoya na mdomo wa njano uliopinda kidogo mwishoni.

Kama ni mdogo kuliko hao, kichwa na shingo ni vyeusi, mdomo umepinda kuelekea chini kama mundu, na weusi wa bawa ni ukanda mwembamba tu ukingoni, huyo ni kwarara mtakatifu. Wanapenda kuruka kwa mstari au kwa umbo la V, mapigo machache kisha kuelea kidogo, kisha mapigo tena.

Jambo moja zaidi litakusaidia: saa. Korongo na mwari hawapendi kuchosha mabawa. Wanangoja ardhi ipate joto na hewa ianze kupanda, kisha wanazunguka ndani ya hewa hiyo mpaka juu, na kutoka hapo wanateleza kwenda mbali. Kwa hiyo kundi linalozunguka bila kupiga mabawa utaliona kuanzia saa tatu au saa nne asubuhi, mara nyingi juu ya miteremko au juu ya uwanda wa Ruzizi, siyo katikati ya ziwa. Maji hayatoi hewa ya kupanda kama nchi kavu. Kulastara yeye anapiga mabawa polepole moja kwa moja, anakwenda anakokwenda, na kwa kawaida hazunguki.

Na wale weupe wadogo wanaopita kwa mistari kila jioni?

Yangeyange wa ng'ombe. Wameshinda mashambani na kwenye malisho wakila panzi, sasa wanarudi kulala kwenye miti karibu na maji. Mdomo mfupi wa njano, shingo imekunjwa, mapigo ya haraka kuliko ya kulastara wakubwa. Wakati wa kuzaa wanapata rangi ya machungwa hafifu kichwani, kifuani na mgongoni.

Kama aliye peke yake kando ya maji ana mdomo mweusi, miguu myeusi na vidole vya njano, huyo ni yangeyange mdogo. Vidole vinaonekana vizuri akiruka.

Ninamwona ndege mweusi mwenye shingo ndefu akipita chini sana juu ya maji. Ni bata?

Mara nyingi ni mnandi. Ziwa Kivu lina mnandi mkubwa mwenye kifua cheupe na mnandi mdogo mwenye mkia mrefu. Wanaruka chini, wanapiga mabawa haraka bila kupumzika, kisha unawakuta wamesimama juu ya jiwe au mti mkavu mabawa yamefunguliwa yakauke.

Bata ana shingo ndefu pia, lakini mabawa yake yamechongoka, mkia wake ni mfupi, na mapigo yake ni ya haraka zaidi. Kama ni mkubwa, wa kahawia, na ana mabaka makubwa meupe juu ya bawa, hapo ni bata bukini wa Misri, na kwa kawaida utamsikia akibweka kabla hujamwona.

Yuko pia mbizi, ambaye anafanana na mnandi lakini shingo yake ni nyembamba kama nyoka, ina kipindo kidogo hata akiruka, na mkia wake ni mrefu na unafunguka kama feni. Mbizi anaweza kuzunguka juu kama korongo. Mnandi kwa kawaida hafanyi hivyo.

Korongo mweusi kabisa yupo?

Yupo, korongo mdomo-wazi. Angani ni mweusi kila mahali, shingo na miguu vimenyooka. Akitua na akawa karibu, tazama mdomo: ukifungwa unabaki na pengo katikati, na kwa mdomo huo anatoa nyama ya konokono wa majini. Anayechanganywa naye ni korongo wa Abdim, ambaye ni mdogo zaidi, mgongo na mabawa ni vyeusi lakini tumbo ni jeupe, na sehemu ya chini ya mgongo karibu na mkia pia ni nyeupe. Huyu anazaa katika nchi za Saheli, kisha anakwenda kusini akifuata mvua na wadudu wanaotokea nayo. Wakulima wanaomwona akitembea kwa makundi shambani wasimfukuze: anakula panzi na viwavi.

Kuna ndege anapiga kelele kubwa alfajiri akipita juu ya nyumba. Sijamwona vizuri.

Kwarara hadada. "Haa! Ha-ha-haa!" Anapita na mwenzake au watatu, mara tu kukipambazuka, na tena jioni. Ni wa kahawia-kijivu, mwenye mng'ao wa kijani begani jua likimpiga, mabawa mapana, mdomo umepinda chini. Miguu yake haizidi mkia, na hilo ni tofauti na kwarara wengine. Haogopi watu, bustani na nyasi za mjini zinamtosha.

Namtambuaje tai mla samaki, na je, kila tai wa ziwani ni yeye?

Aliyekomaa humkosi: kichwa, kifua na mkia mfupi ni vyeupe, tumbo ni la rangi ya kutu, mabawa ni meusi na mapana kama mbao. Sauti yake inasikika kutoka ng'ambo ya ghuba, na akilia anatupa kichwa nyuma. Katika Kiswahili sanifu anaitwa pia furukombe.

Taabu ni mtoto wake. Kinda aliyeacha kiota ana michirizi ya kahawia na nyeupe iliyochanganyika, na inachukua miaka kadhaa kabla hajavaa weupe wa wazazi wake. Watu wengi wanaoniambia wameona "tai mgeni kabisa" Ruzizi wamemwona huyu kijana. Angalia umbo: mabawa mapana sana, mkia mfupi mno, kichwa kinachotokeza mbele.

Kuanzia Oktoba hadi Aprili anaweza kuwepo mwingine, ambaye vitabu vya Kifaransa vinamwita balbuzard. Chini ni mweupe karibu wote, ana doa jeusi kwenye kiwiko cha bawa, na mstari mweusi unapita kwenye jicho. Mabawa yake ni membamba na yamepinda, ukimtazama kutoka mbele unaona herufi M. Anapomwona samaki anasimama hewani akipiga mabawa, kisha anajitupa miguu mbele mpaka anazama nusu. Tai mla samaki hafanyi hivyo. Yeye anamnyakua samaki juu ya maji akiwa anapita.

Kwenye uwanda, ambako kuna michikichi ya mawese, anaweza kupita tai mweupe na mweusi ambaye kwa kweli ni tumbusi: tumbusi wa mawese. Tumbo lake ni jeupe lote na mkia wake ni mweusi wenye ncha nyeupe. Basi: mkia mweupe na tumbo la kutu, ni mla samaki, mkia mweusi na tumbo jeupe, ni wa mawese. Ndiyo, anakula matunda ya mchikichi, pamoja na kaa na samaki.

Na yule wa kahawia anayepita chini kabisa juu ya mafunjo, mabawa yameinuliwa kidogo kama V, akiyumba huku na huku huku akiangalia chini? Huyo ni kipanga wa vinamasi. Anatafuta panya na ndege wadogo. Mwewe anaweza kupita mahali hapohapo, lakini mkia wa mwewe una panda, na anausokota kila wakati kama usukani. Kipanga wa vinamasi ana mkia mrefu usio na panda. Namtaja kwa makusudi, kwa sababu anahitaji kinamasi kilicho hai, chenye matete marefu ya kutagia. Bonde likishageuzwa lote kuwa matuta na tanuri za matofali, mwewe atabaki na kipanga ataondoka.

Nadhani nimeona korongo taji. Inawezekana?

Inawezekana, na tafadhali andika tarehe, saa na mahali. Korongo taji wa kijivu ameorodheshwa duniani kuwa katika hatari ya kutoweka tangu mwaka 2012. Sababu zinajulikana: vinamasi vinakaushwa, mayai na vifaranga vinachukuliwa, na ndege wazima wanakamatwa ili wafugwe kwenye nyua za matajiri na hoteli. Jozi inazaa kinda mmoja hadi watatu kwa mwaka mzuri, na kiota kinakaa chini, ndani ya majani yaliyozungukwa na maji. Maji yakitolewa, mbwa na watoto wanakifikia kwa miguu.

Angani anatambulika hata kwa mbali. Shingo ndefu imenyooka na inaelekea chini kidogo, miguu mirefu nyuma, na juu ya kila bawa kuna eneo kubwa jeupe linalowaka kila anapopiga bawa. Taji la manyoya ya dhahabu linaonekana akiwa karibu tu. Sauti ni ya kuvuma, silabi mbili, na inasikika mbali. Wanatembea wawili wawili au kwa familia. Tofauti na ndege wengine wa jamii yao sehemu nyingine za dunia, hawa wanaweza kutua na kulala mtini.

Ukimwona anauzwa, usimnunue kwa huruma. Pesa yako inamrudisha muuzaji bondeni kutafuta mwingine. Sheria ya Kongo namba 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014 juu ya uhifadhi wa viumbe inatoa msingi wa kuwalinda wanyama walio hatarini, na ofisi za mazingira na za hifadhi ya Kahuzi-Biega zinaweza kupokea taarifa. Ninasisitiza jambo hili kwa sababu ndege huyu anaweza kupotea katika mabonde yetu wakati watu wazima wa leo bado wanaishi.

Na korongo-nyangumi, yule mwenye mdomo kama kiatu?

Hapa Bukavu, hapana. Anaishi katika vinamasi vikubwa vya mafunjo, kama vile vya Upemba huko Katanga, au Mabamba karibu na Entebbe nchini Uganda. Miteremko ya Ziwa Kivu inaingia majini ghafla na haiachi nafasi kwa vinamasi vya ukubwa huo. Ndege wa kijivu, mkubwa, aliyesimama peke yake kando ya ziwa letu ni kulastara wa kijivu, au kulastara kichwa-cheusi. Huyu wa pili akiruka ana chini ya bawa mbele pameupe na nyuma pameusi, mpaka ukionekana wazi. Kulastara wa kijivu ana rangi ya kijivu chini ya bawa lote.

Ndege wa kahawia mwenye kichwa kama nyundo ametua juu ya paa. Wazee wanasema ni balaa.

Ni fundichuma. Imani ya kwamba analeta mkosi iko sehemu nyingi za Afrika, na mimi siwezi kumvunjia mzee heshima mbele ya watoto wake. Ninachoweza kusema ni anachokifanya: anakula vyura na samaki wadogo, na anajenga kiota kikubwa ajabu cha vijiti na matope juu ya mti, chenye mlango mdogo pembeni, na kinaweza kubeba uzito wa mtu mzima aliyesimama juu yake. Bundi na ndege wengine wanakitumia akishahama. Hewani anaelea kwa mabawa mapana, shingo imenyooka nusu. Watu wanamdhania ni mwewe, mpaka wanaona kishungi nyuma ya kichwa.

Wale wadogo je, wanaosimama hewani juu ya maji?

Mdiria mweusi-mweupe. Anapiga mabawa akiwa mahali pamoja, mdomo umeelekea chini, kisha anaanguka. Mdiria wengi wanahitaji tawi la kukalia, lakini huyu anaweza kuvua mbali na ufukwe na kumeza samaki mdogo bila kurudi nchi kavu. Sambaza, samaki wadogo waliohamishwa kutoka Ziwa Tanganyika na kuwekwa Ziwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, ni saizi ya mdomo wake.

Buabua pia wanasimama hewani, ila ni wembamba, wa kijivu na weupe, na wanaokota wadudu juu ya maji bila kuzama. Mbayuwayu na teleka wanapita kwa kasi: mbayuwayu anageukageuka na mkia wake una panda ndefu, teleka ana mabawa kama upinde na hatui kwenye waya hata siku moja.

Nilimsikia ndege mdogo ndani ya matete ya Musisi, kisha kitu kikaruka juu. Je, ni yule adimu?

Kinamasi cha Musisi, katika sehemu ya juu ya Hifadhi ya Kahuzi-Biega, kwenye kimo cha karibu mita 2,200, ni makao ya ndege mdogo wa kahawia anayeitwa kisayansi *Bradypterus graueri*, aliyepewa jina la Rudolf Grauer wa Austria. Anaishi tu katika vinamasi vya milima ya ukanda wetu wa Albertine, na anatambuliwa kwa sauti kuliko kwa macho. Anatambaa ndani ya matete kama panya. Kilichoruka juu ya kinamasi kwa mbali karibu hakika siye. Mara nyingi ni kwera, au mbayuwayu aliyekuwa akipita.

Kipindi gani cha mwaka nitarajie wageni?

Kuanzia Oktoba hadi Aprili, wakati Ulaya na Asia kuna baridi. Hapo ndipo wanapopita au kukaa kwetu korongo mweupe, balbuzard, keremkerem wa Ulaya, mbayuwayu wa mashambani, buabua mabawa-meupe, na vijindege vya matopeni vyenye miguu mirefu. Ukimwona ndege "mgeni" Julai, katikati ya kiangazi, tafuta kwanza kati ya wenyeji wa Afrika.

Kumbuka pia kwamba Ruzizi inashuka kutoka mita 1,460 hivi hadi chini ya mita 800 ndani ya kilomita 117. Ndege wa kawaida wa Sange na Kiliba, huko chini uwandani, anaweza kuwa habari kubwa Bukavu. Ndiyo maana ninauliza mahali kabla ya kuuliza rangi.

Programu ya simu inatosha?

Inasaidia. Merlin inaweza kupakuliwa bure na kutumika bila intaneti ukishaweka furushi la eneo lako, na eBird inapokea orodha yako na kuitunza kwa watafiti. Lakini programu inakupa jina lililo karibu zaidi na picha, na picha ya kivuli cheusi angani itapata jina hata kama haistahili. Linganisha jina hilo na shingo, mkia, mwezi na mahali. Likikataa hata kimoja, andika "kulastara mkubwa, hajatambuliwa". Orodha yenye maneno hayo ni ya kuaminika kuliko orodha yenye majina mazuri tu. Kongo ina aina zaidi ya 1,100 za ndege. Hakuna anayezijua zote.

Ninaweza kupiga picha popote?

Hapana. Daraja la Ruzizi, mpaka, mabwawa ya umeme, uwanja wa ndege wa Kavumu na kambi za askari ni mahali pa kuweka simu na jumeli (darubini) mfukoni, hata kama ndege wa maisha yako amepita. Bondeni, msalimie kwanza mwenye shamba, mwambie unatafuta nini. Mara nyingi mama anayepanda viazi hapo atakuambia saa ambayo ndege wako anapita, na anatua upande gani. Katika hifadhi, nenda na mlinzi.

Nimemkuta ndege wa maji amekufa ufukweni. Nimchukue kwa ajili ya utambuzi?

Usimguse kwa mikono mitupu, na usimpeleke nyumbani kwenye kuku. Januari 2017 homa ya mafua ya ndege ilithibitishwa Uganda, na ndege pori waliokufa walionekana kando ya Ziwa Victoria. Piga picha ya mgongo, ya tumbo, ya bawa lililofunguka kwa kijiti, na ya miguu. Wakiwa wengi, mjulishe daktari wa mifugo au ofisi ya kilimo na mifugo ya mtaa siku hiyohiyo, na uwaweke watoto na mbwa mbali.

Mguuni ana pete ya chuma yenye namba. Nifanyeje?

Kama ni mzima, usimkamate. Piga picha ya pete kutoka pande tofauti mpaka namba zote zisomeke, pamoja na anwani iliyoandikwa. Kama amekufa, iandike namba yote na herufi zake jinsi zilivyo, na uandike mahali na tarehe. Watafiti wa kituo cha utafiti cha Lwiro wanaweza kusaidia kuifikisha kwa waliomvalisha, na kwa kawaida utapata jibu linalosema ndege alivalishwa wapi na mwaka gani.